Kwa Nini Duka Liwe Hapa na Si Pale? Historia ya Biashara ya Jinja, Budondo na Mbale



Ndugu wasomaji, kijana akimaliza shule na kupata mtaji kidogo, swali la kwanza analowauliza wazee ni "niuze nini?" Swali la pili halipewi uzito: "niuzie wapi, na bidhaa zitanifikia kwa njia gani?" Wengi wanaofunga maduka yao wameangushwa na hilo la pili. Leo tuliangalie kupitia historia ya sehemu zetu za mashariki ya Uganda, ili wazazi na watoto walizungumze pamoja.

Jambo hili si geni kwetu. Makka ilikuwa bonde lisilo na mashamba, lakini watu wake waliishi kwa misafara miwili, ya kusi na ya kaskazi, kama inavyotajwa katika Suratu Quraysh. Riziki yao ilitegemea njia.

Maji yaliyozuia mashua

Budondo iko kaskazini ya mji wa Jinja, ukingo wa mashariki wa Mto Naili. Hapo ndipo yalipokuwa maporomoko ya Bujagali. Mto unapotoka Ziwa Viktoria unateremka kwa kasi juu ya mawe, na kwa masafa marefu chombo cha mizigo hakiwezi kupita.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo meli zilivuka ziwa mpaka Jinja. Miaka michache baadaye kilimo cha pamba kikaanza kuenea Uganda. Pamba ni mzigo mkubwa wenye bei ndogo kwa kila kilo, haiwezi kulipa gharama ya wapagazi wa safari ndefu kama pembe za ndovu zilivyoweza. Ilihitaji chombo. Lakini mto umefungwa na mawe! Basi ikajengwa Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali, maili 61 hivi. Namasagali mto umeshatulia, na meli ziliendelea mpaka Ziwa Kyoga na Masindi Port.

Tazama matokeo yake. Kila mzigo ulipofika Jinja ulipakuliwa, ukahesabiwa, ukawekwa ghalani, kisha ukapakiwa tena. Mzigo unapopumzika, hapo watu hupata kazi: wapakizi, makarani, wenye maghala, mafundi, wapishi wa chakula. Kwa hiyo mawe yaliyozuia mashua yaliisaidia Jinja kuwa mji wa biashara.

Mtu aliyetangulia njia

Mfano mzuri wa usambazaji ni Allidina Visram, Mwislamu wa jamii ya Ismailia kutoka Kutch, India. Alifika pwani yetu mwaka 1863 akiwa bado mtoto, akajifunza kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akitayarisha misafara ya bara. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, Allidina hakungoja ikamilike. Alifungua maduka kwenye njia yake, na mwaka 1898 akafungua duka Kampala, miaka mitatu kabla reli haijafika ziwani. Jinja nayo ikaingia katika mtandao wake.

Siri yake ilikuwa gari lisirudi tupu. Nguo, chumvi, sukari na shanga zilikwenda bara; pembe, ngozi, ufuta na baadaye pamba zilirudi pwani. Safari moja ikalipiwa mara mbili. Na biashara ya namna hii ilikwenda kwa mkopo: mwenye duka dogo alichukua bidhaa kwa tajiri wa mjini, akazipeleka kijijini, akalipa msimu wa mavuno. Bila daftari safi na ahadi ya kweli, mnyororo wote hukatika. Ndiyo maana dini yetu imetuamrisha kuandika madeni.

Allidina alifariki mwaka 1916. Shule iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1923 kwa kumbukumbu yake ina jina lake mpaka leo.

Maji yaliyoleta viwanda

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja. Maji yaliyokuwa kikwazo yakageuka kivutio. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile kikaja, kwani pamba iko karibu, umeme uko karibu na reli iko mlangoni.

Shaba ya Kilembe inafundisha zaidi. Machimbo yako magharibi kabisa ya Uganda, lakini kiwanda cha kuyeyushia shaba kilijengwa Jinja. Kwa nini? Kuyeyusha shaba kunakula umeme mwingi. Kwanza mawe yalisagwa na kuchujwa huko huko Kilembe ili kuondoa uzito usiofaa, kisha mchanga wenye shaba ukasafirishwa kwa reli zaidi ya kilometa 400. Reli ilifika Kasese mwaka 1956.

Lakini si kila kiwanda kilikimbilia umeme. Saruji ilitengenezwa Tororo kwa sababu mawe ya chokaa yako pale. Kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanza mwaka 1930, kilijengwa katikati ya mashamba, kwa kuwa muwa ni mzito na ukishakatwa hupoteza utamu siku hadi siku. Kitu kizito au kinachoharibika upesi humwita mwenye kiwanda akifuate.

Mbale chini ya mlima

Mbale haikuwa na bandari. Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu alipoweka makao yake hapo, Waswahili, Waarabu na Wahindi walifika kufanya biashara na kuandaa misafara ya pembe kwenda Karamoja. Pembe zilipopungua, mji haukufa. Mlimani Elgon kulikuwa na kahawa, uwandani kulikuwa na pamba, na Mbale iko pale mlima na uwanda vinapokutana. Reli ya Tororo kwenda Soroti, iliyokamilika mwaka 1929, ilipita hapo. Mwaka 1954 wakulima wa kahawa walipata chama chao cha ushirika cha Bugisu. Na tangu mwaka 1988 Mbale ina Chuo Kikuu cha Kiislamu, na wanafunzi nao ni soko: wanahitaji vyumba, chakula, vitabu na nguo.

Sababu inapoondoka

Sasa turudi Namasagali. Mwaka 1928 reli kuu kutoka Kenya kupitia Tororo iliunganishwa na Jinja, na mwaka 1931 ikavuka mto mpaka Kampala. Njia ya ziwani ikapungua kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda yakaiharibu bandari, na mwaka 1965 majengo ya reli yakawa shule. Wenye maduka waliodhani mji utadumu kwa kuwa ulikuwepo jana walipata hasara.

Jinja pia ilipata pigo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Majengo yalibaki, mashine zilibaki, mto ulibaki, lakini waliojua nani anadaiwa nini na vipuri vinaagizwa wapi waliondoka. Viwanda vingi vikadhoofika. Kumbe mahali pazuri bila watu wanaoaminiana ni kuta tu. Tena umeme husafiri kwa nyaya. Bwawa la Bujagali lilifunguliwa mwaka 2012, lakini mwenye kiwanda anaweza kuutumia umeme wake akiwa Namanve, karibu na wanunuzi wa Kampala.

Basi, kijana wa Budondo, kabla hujalipa kodi ya chumba cha duka, simama hapo siku nzima uhesabu wanaopita. Uliza mzigo utakufikiaje wakati wa mvua, na gari lililokuletea litarudi na nini. Uliza pia: sababu inayowaleta watu hapa itakuwepo miaka kumi ijayo?

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwa nini kiwanda cha sukari hukaa karibu na shamba, lakini duka la sukari hukaa karibu na watu?
2. Mtaa wenu umekua kwa sababu gani? Sababu hiyo ikiondoka, nani ataumia kwanza?

Wabillahi tawfiq.