Eti kichwa ni cha ukoo?

Nimepotea kidogo, majaribio yametubana. Halafu juzi ikaja simu ya nyumbani ikaniondolea usingizi kabisa. Baba mdogo wa Mbinga mjini, ambaye ndiye anatusaidia tangu baba afariki, anasema hela ya tuisheni ya mdogo wangu wa darasa la sita bora ibaki kwa kijana wake. "Yule hana kichwa, amechukua damu ya mama yake." Mama yake ndiye mama yangu, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa hasira.

Kwetu Liuli nimekua nikisikia kwamba kuna familia "zina vichwa", kila kizazi zinatoa mwalimu au karani. Sawa, lakini tuangalie zilianzaje. Waanglikana wa UMCA waliweka kituo kisiwani Likoma mwaka 1885, wakawa wanapita na meli yao kijiji hadi kijiji upande huu wa ziwa. Padri William Percival Johnson alizunguka fukwe hizi miaka mingi, mpaka akafia Liuli mwaka 1928. Nyumba iliyokuwa jirani na shule ya misheni ikapata mtu wa kusoma, na watoto wake wakazaliwa wakakuta kitabu ndani. Ya mbali haikupata. Vizazi viwili vikipita tunaita damu!

Na hii hoja ya damu baba mdogo hakuianzisha yeye. Nairobi, miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikuwa anapima vichwa vya Waafrika. Mwenzake F. W. Vint akapima ubongo wa marehemu, na mwaka 1934 akachapisha kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mdogo kuliko wa Mzungu. Wakaunda na chama kabisa, mwaka 1933, cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Maana yake ilikuwa wazi: shule nyingi za nini kwa watu kama hawa? Maiti wale walikula nini utotoni, waliugua nini, hilo halikuwashughulisha sana.

Sasa nendeni Embu, Kenya hiyohiyo. Watafiti walipima watoto wa miaka kama saba mwaka 1984, wakarudi kupima wengine wa umri huo mwaka 1998. Kwenye kipimo cha kufikiri kwa michoro, hawa wa pili walizidi kwa alama 26 hivi. Miaka 14 tu! Jeni za Embu haziwezi kubadilika hivyo kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi waliojua kusoma zaidi, familia kuwa ndogo, chakula na afya bora.

Sisemi jeni hazina kazi, msije mkaninukuu vibaya. Mapacha wa kufanana hata wakilelewa mbalimbali hukaribiana alama kuliko ndugu wa kawaida. Mimi na mdogo wangu tumetoka kwa baba na mama walewale, ila kila mmoja kachotewa fungu lake. Lakini mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake Marekani walikuta kwamba kwa mapacha wa familia maskini, tofauti za alama zilitokana zaidi na nyumba waliyolelewa, na jeni karibu hazionekani. Kwa wenye uwezo ikawa kinyume. Ulaya matokeo hayo hayajajirudia vizuri, ila mimi nikisoma namwona mdogo wangu: alfajiri anaanika usipa, ndipo aende shule, akirudi ni maji, halafu giza. Kijana wa baba mdogo ana umeme, meza na mwalimu wa jioni. Unapimaje damu hapo?

Leo jioni nampigia. Sitamtajia Gordon, atasema chuo kimeniharibu. Nitaamkia vizuri, nitamshukuru kwa yote, halafu nimwombe likizo ya Desemba mdogo wangu akakae kwake Mbinga, asome meza moja na huyo kijana. Salio lenyewe la dakika kumi, niombeeni asianze na habari za kahawa.