Tairi la Kufika Moyale

Kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji wa Nairobi bado wanaiita Grogan, matairi ya pikipiki hutundikwa juu ya milango ya maduka, mengine yangali yamefungwa karatasi ya kiwandani. Mteja huanza kwa bei, kisha hulibinya tairi ubavuni kwa kidole gumba na kuuliza kama litakaa. Muuzaji hajawahi kusema kwamba halitakaa. Ndiyo maana historia ya tairi katika jiji hili ni historia ya watu waliojifunza kutafuta jibu la swali hilo wenyewe, njiani.

Mtaa huo ulipewa jina la Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa yake kwa miguu, aliyoikamilisha mwaka 1900. Kuna kejeli hapo: leo mtu anayetoka Cairo kwa pikipiki akielekea Cape Town anaweza kujikuta akitafuta tairi la nyuma katika mtaa wa mtembea kwa miguu. Lakini Nairobi ina sababu nyingine ya kumkumbuka Grogan. Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama, Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho. Alifungwa mwezi mmoja. Wavuta rikisho wale walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kupata riziki kwa jasho la magurudumu, na wa kwanza kujua kwamba gharama ya barabara mbovu humwangukia anayevuta, si anayeketi.

Mji wenyewe na tairi la upepo ni karibu rika moja. John Boyd Dunlop alisajili hataza yake mwaka 1888 akiwa Belfast, na reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Wazo la Dunlop, mpira uliojaa hewa badala ya mpira mgumu, lilifaa barabara za mawe za Ulaya. Nairobi lilikutana na udongo. Mashariki na kusini mwa mji kuna udongo mweusi mzito, unaonata kwenye gurudumu wakati wa mvua hadi lisizunguke. Magharibi, kuanzia Dagoretti kuelekea Kikuyu na Limuru, kuna udongo mwekundu, ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Mwendesha pikipiki wa enzi hizo aliyetoka katikati ya mji kwenda Ngong alihitaji tairi moja kwa kilomita chache za kwanza na lingine kwa zilizobaki.

Mpira wenyewe haukuwa mgeni katika eneo hili. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa na mashamba makubwa ya mpira upande wa Tanga na Muheza, mpaka mpira wa bei nafuu kutoka Asia ulipoivunja biashara hiyo mwaka 1913. Vita vilipozuka na meli za Uingereza kuziba bahari, mpira ule uliokosa soko ukapata kazi ya ghafla: majeshi ya Kijerumani ya Lettow-Vorbeck yaliutumia kujitengenezea matairi, kwa kuwa hayangeweza kupata ya Ulaya. Hayakuwa matairi mazuri. Yalikuwa matairi yaliyopatikana, na tofauti hiyo imeliandama eneo hili tangu wakati huo.

Mwaka 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther ya cc 600. Ubavuni ilifungwa kigari cha abiria na nyuma ikavuta trela. Walivuka Sahara, wakapita Afrika ya Kati na Afrika Mashariki, na kufika Cape Town Julai 1935. Pikipiki ya leo yenye masanduku matatu ya alumini hubeba mzigo mdogo kuliko ule. Kwao, tairi la kudumu lilikuwa lile ambalo mtu aliweza kulivua kwa vyuma viwili, akabandika kiraka kwenye tubu akiwa amepiga magoti mchangani, akalirudisha kabla jua halijawa kali. Sifa hiyo ya kurekebishika haiandikwi ubavuni mwa tairi lolote.

Barabara nazo zikabadilika. Wakati wa Vita vya Pili, mateka wa Kiitalia waliotekwa Ethiopia na Somalia walitumiwa kuchimba barabara ya kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, na kanisa dogo walilojenga pembeni bado lipo. Kwa mwenye pikipiki kutoka viunga vya magharibi, mteremko ule ulifungua Naivasha, Narok na kwingineko. Ulileta pia kona ndefu zenye lami, ambazo hula ubavu wa tairi, tofauti na Barabara ya Mombasa inayolila katikati. Tairi lililofanya kazi ya Mombasa hujulikana kwa macho tu. Katikati limekuwa bapa, mifereji imefutika, ilhali pembeni vinywele vya mpira vya kiwandani vingali vimesimama.

Kisha kwa muda Nairobi ikatengeneza matairi yake yenyewe. Firestone East Africa iliundwa mwaka 1969, na kiwanda chake cha Nairobi kikawa miongoni mwa viwanda vilivyotajwa kila mtu alipozungumzia uchumi wa nchi mpya. Miaka ya 1980 hisa kubwa zikaingia mikononi mwa kundi la Sameer la mfanyabiashara Naushad Merali, na mwaka 2005 kampuni ikaitwa Sameer Africa, ikiuza matairi ya Yana. Mwaka 2016 ilizima mitambo. Bidhaa za bei ya chini kutoka Asia zilikuwa zimejaa sokoni, na kampuni ikaona nafuu kutengenezewa matairi nje. Mamia ya wafanyakazi walikwenda nyumbani.

Wakati kiwanda hicho kilipokuwa bado kichanga, Ted Simon alipita Kenya. Mwandishi huyo aliondoka London Oktoba 1973 kwa Triumph ya cc 500, akashuka kupitia Misri, Sudan na Ethiopia, na safari yake ya miaka minne kuzunguka dunia ikazaa kitabu cha Jupiter's Travels mwaka 1979. Kitabu hicho kiliwatoa watu wengi Ulaya nyumbani kwao, na wengi wao wakaja kwa njia ileile ya kaskazini. Nairobi ikawa kituo cha kupumua: mji wa kwanza mkubwa baada ya jangwa, wenye posta ya kupokelea vifurushi. Aliyekuwa na busara alituma tairi mbele kwa meli au ndege. Asiyekuwa nayo alikaa wiki kadhaa akiulizia forodhani.

Kitu kilichowafikisha wakiwa hoi kilikuwa barabara ya Moyale. Kutoka Isiolo hadi mpakani ni takriban kilomita 500, na kabla ya lami ilikuwa na sifa mbaya kotekote Afrika. Kaskazini mwa Marsabit, katika jangwa la Dida Galgalu, njia ilipita juu ya mawe meusi ya volkeno yenye makali. Kwingine ilikuwa matuta madogo yaliyopangana bila mwisho, yakitikisa kila skrubu mpaka ilegee. Magari yalikwenda kwa misafara yenye askari kwa hofu ya majambazi. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita hapo mwaka 2007 na BMW zao katika safari ya Long Way Down, wakiwa na magari ya kuwasaidia, na bado televisheni haikuweza kuificha adha yake.

Njia ile haikuliua tairi kwa kulisugua. Ililiua kwa kulikata, au kwa kulichemsha. Mtu hupunguza upepo ili tairi lishike mchanga, kisha husahau kuurudisha anapofika kwenye mawe; ubavu unajikunja na kujikunjua mara maelfu, joto linapanda ndani, nyuzi zinaachana na mpira. Akiuweka upepo mwingi, jiwe linapasua tairi au kukunja rimu. Kwa hiyo mwenye uzoefu alisoma ubavu wa tairi kwa jicho tofauti na la duka la Ulaya. Chukua maandishi 150/70 R17 69V ya tairi la nyuma la pikipiki kubwa ya safari. Upana ni milimita 150, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17. Herufi V inamaanisha kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa, ambayo kati ya Laisamis na Marsabit haina kazi yoyote. Namba 69 ndiyo yenye maana: kilo 325, uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba. Ukijumlisha pikipiki, mtu, maji, mafuta ya akiba na hema, hesabu hiyo huanza kuheshimiwa.

Michelin ilikuwa imeanza kuuza tairi la gari la radial mwaka 1949, lakini pikipiki zililisubiri hadi miaka ya 1980. Likaja na faida ya kutochemka haraka na kudumu zaidi kwenye lami, ila ubavu wake mara nyingi ni mwembamba kuliko wa tairi la mtindo wa zamani. Wasafiri wa Moyale waligawanyika. Wapo walioapa kwa Continental TKC 80, yenye vidole vikubwa vya mpira vinavyoshika kila kitu na kuisha upesi. Wapo waliopenda Heidenau K60 Scout ya Ujerumani, ambayo katika vipimo vipana vya nyuma ina ukanda usiokatika katikati. Ukanda ule ndio siri ya umri wake, kwa kuwa mpira mwingi unagusa lami kila wakati. Ndio pia udhaifu wake: kwenye tope jekundu la Dagoretti mwezi wa Aprili, ukanda huo hauna pa kung'ang'ania. Tairi linaloweza kufika Ethiopia linaweza kumwangusha mwenyewe kilomita mbili kutoka getini.

Wageni hao walijulikana zaidi upande wa magharibi wa jiji kuliko katikati. Kambi ya Jungle Junction, kwanza Lavington na baadaye Karen, ikawa mahali pa kupumzika, kutengeneza pikipiki na kupokea spea. Aliyebadilisha tairi akaona la zamani bado lina safari kidogo aliliacha kwa anayekuja nyuma bila chochote. Uchumi huo mdogo haukuwa na risiti, na uliwaokoa wengi.

Mjini mapinduzi yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Mwaka 2008 serikali iliziondolea pikipiki ndogo, zilizo chini ya cc 250, kodi ya ongezeko la thamani. Bodaboda, biashara iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia miaka ya 1960, ikalipuka. Mwaka 2011 peke yake pikipiki zaidi ya 100,000 ziliandikishwa nchini. Kaunti ya Nairobi imejaribu mara kadhaa kuzizuia zisiingie katikati ya jiji, lakini maduka ya Grogan yalikwishaamua yatamhudumia nani. Rafu zikajaa 2.75-17 na 3.00-18, na tairi la pikipiki kubwa likawa kitu cha kuagizwa.

Wapo wenye pikipiki kubwa wanaolalamikia hali hiyo. Wangefanya vyema kumsikiliza mtu wa boda wa Kawangware au Kangemi anaponunua tairi la nyuma. Haulizi kasi. Anatafuta maandishi 6PR, yaani nguvu sawa na ya tabaka sita za kitambaa cha matairi ya kale, kwa sababu anajua atabeba abiria wawili na gunia. Anaangalia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019, na kama tairi limepigwa jua mlangoni tangu wakati huo analirudisha hata likiwa halijagusa barabara. Huo ndio ujuzi uleule wa barabara ya Moyale, umehamia kwenye matuta ya Naivasha Road pale Kawangware.

Mwenye pikipiki kubwa ana shida nyingine ambayo wa boda hana. Tangu BMW ilipoleta mwaka 1987 rimu za spoki zisizohitaji tubu, pancha ya kawaida huzibwa kwa kamba ya mpira bila kulivua tairi, kazi ya dakika chache. Ila tairi likitoka kwenye kingo za rimu, kulirudisha kwahitaji upepo mwingi wa ghafla ambao pampu ya miguu haina, na fundi wa kijijini mwenye beseni la maji na solusheni hubaki akitazama. Wasafiri wengi waliozeeka katika kazi hiyo hubeba tubu hata kama rimu zao hazihitaji.

Mwaka 2016 sehemu za mwisho za lami ya Isiolo hadi Moyale zilikamilika, na mjadala wa zamani ukapoteza nusu ya maana yake. Sasa mtu aweza kutoka Karen alfajiri akiwa na matairi ya lami, yale yenye mpira mgumu katikati na laini pembeni, akalala Marsabit bila kuona kokoto. Vidole vikubwa vya TKC kwenye lami hiyo ya moto ni hasara tupu. Walioathirika ni wauzaji wa ushauri wa zamani, kwani bado wapo wanaomwambia mgeni anunue tairi la jangwani kwa barabara ambayo matrela huipita kwa kasi.

Njia ngumu imehamia magharibi. Wanaoteremka kutoka Omorate, Ethiopia, kupitia Illeret, wakifuata ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana hadi Loiyangalani, bado wanakutana na mchanga, mawe na mito mikavu. Kwa miaka mingi hapakuwa na ofisi ya uhamiaji upande huo, kwa hiyo walisafiri hadi Nairobi kugongewa pasipoti Nyayo House, wakiwa tayari siku kadhaa ndani ya nchi. Kutoka hapo hadi Grogan ni mwendo mfupi, na wengi walifika dukani na tairi la nyuma lililobaki nyuzi, wakaambiwa kipimo chao kitaagizwa.