Baridi Haitengenezwi, Joto Huhamishwa

Kuna watu huko Marekani na Ulaya wanaotoboa kuta za nyumba zao kwa ajili ya mvinyo. Sio utani. Mtu anatenga chumba kidogo, anapanga chupa zake kwenye rafu, kisha anakata tundu ukutani na kuchomeka humo mashine ya kupoza. Mbele ya mashine kunatazama chupa, mgongo wake unatazama chumba cha jirani. Nikajiuliza: mvinyo umeishi karne na karne bila umeme, huu ufalme umeupata lini?

Tuanzie chini ya ardhi. Mjini Reims, Ufaransa, yapo mashimo yaliyochimbwa zamani na watu waliotafuta mawe ya chaki ya kujengea. Mengine yana kina cha zaidi ya mita 30. Karne ya 18 watengenezaji wa shampeni, Ruinart wakitangulia, wakaanza kuyageuza maghala. Mle ndani ni kama nyuzi 11 za sentigredi, masika na kiangazi. Kuna giza, utulivu, na unyevu unaozuia kizibo kisikauke. Bure kabisa!

Shida ni kwa asiye na shimo. Na waliomtafutia dawa hata hawakuwa wakifikiria mvinyo.

Wa kwanza ni daktari John Gorrie wa Apalachicola, Florida. Yeye aliwahangaikia wagonjwa wa homa, akiamini kwamba joto na hewa mbaya ndivyo vinavyowaua. Tusimcheke, siri ya mbu ilikuwa haijafichuliwa. Mwaka 1851 alipata hataza ya mashine ya kutengeneza barafu. Mwaka 1855 akafa bila kuona faida yake. Miaka ya 1870 Mjerumani Carl von Linde akatengeneza mashine za kupoza bia. Mwaka 1902 kijana Willis Carrier akaitwa kuokoa kiwanda cha uchapaji Brooklyn, ambako unyevu ulifanya karatasi zivimbe na rangi zisikae mahali pake. Mgonjwa, bia, karatasi. Mvinyo ulikuja kurithi tu.

Ila urithi huo una masharti. Kiyoyozi cha kawaida hukausha hewa, na kizibo kikikauka hupitisha hewa, mvinyo ukaharibika. Ndiyo maana chumba cha mvinyo kina mashine yake, inayolenga nyuzi 13 hivi bila kufyonza unyevu wote. Ukuta nao lazima uzibwe vizuri na kuwekewa karatasi ya nailoni upande wa joto, la sivyo maji yatajikusanya ndani yake na kuleta ukungu.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo penye somo. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Gesi iliyomo huzunguka, hubeba joto la ndani na kulitua upande wa pili, pamoja na joto la mota yenyewe. Ukiielekeza mgongo kwenye stoo iliyofungwa, joto halina pa kwenda na mashine inazidiwa. Lazima awepo wa kulipokea.

Na gesi yenyewe? Za mwanzo zilikuwa na sumu. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake wakapata zisizo na sumu wala kuwaka, dunia ikashangilia. Mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland wakaonyesha kwamba zinakula tabaka la ozoni, na mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukaanza kuzifungia njia. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, ila zikivuja hunasa joto angani kupita hewa ya ukaa mara nyingi mno. Oktoba 2016 mataifa yakakutana hapa kwa majirani zetu, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza.

Tazama safari hiyo. Joto lilitolewa kwenye chupa likapelekwa chumba cha pili, gesi ikaponyoka hadi angani, na hesabu ikaja kufanyiwa Afrika Mashariki, kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kumiliki hata feni. Kila baridi ina mtu upande wa pili wa ukuta. Swali langu ni moja tu: huyo mtu aliulizwa?