urithi (katika uandishi wa programu)

Nomino, ngeli ya U. Uhusiano ambao klasi moja ya programu huchukua sifa na kazi za klasi nyingine bila kuziandika upya. Dhana hii iliingia katika lugha za programu kupitia Simula 67, iliyobuniwa Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard.

Matumizi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Tuchukue mfano wa kubuni: wilaya ya wafugaji kama Igunga inahitaji fomu za tovuti za kusajili ng'ombe, mbuzi na punda. Jina la mfugaji, kijiji na tarehe ni vilevile kwa wote. Huandikwa klasi moja ya fomu ya mfugo, kisha klasi tatu huirithi, kila moja ikitaja modeli yake na kuongeza nafasi zake za kujazwa. Kijiji kikigawanywa, sahihisho hufanywa mahali pamoja.

Kitenzi ndipo wafasiri wanapojikwaa. Katika "fomu ya punda hurithi fomu ya mfugo", kiima ni mtoto. Mzazi akiwa kiima, husemwa "hurithisha". Si suala la mtindo tu: mwanafunzi aliyesoma mwelekeo kinyume ataweka nafasi ya pembe katika klasi mzazi, na mwenye punda ataulizwa urefu wa pembe za mnyama wake.

Linganisha na *mirathi*. Maneno haya mawili yana asili moja ya Kiarabu, lakini mirathi hufunguliwa mtu akifa, na mali hugawanywa. Katika programu mzazi hafi, wala hapungukiwi, na kila mtoto hupata vyote. Tena mtoto ndiye humtaja mzazi, katika mstari wake wa kwanza. Kwa desturi ya Wanyamwezi, kinyume chake, mahari ndiyo iliyoamua kama mtoto angerithi upande wa baba au wa mama.

Hata hivyo "vyote" ina mipaka. Katika Django, mtoto akitangaza klasi ya ndani iitwayo Meta bila kuifanya irithi Meta ya mzazi, ile ya mzazi huachwa. Nafasi asiyoitaka huikana kwa kulipa jina lake thamani ya None.

Klasi au ngeli? Wengine hupendekeza *ngeli*, neno ambalo sarufi ya Kiswahili ililipata kutoka Kihaya. Ulinganisho unavutia: *ng'ombe* ana umbo la ngeli ya N, lakini husemwa "ng'ombe huyu", kana kwamba uhai umebatilisha upatanisho wa umbo. Nami ningebaki na *klasi*. Mwalimu anayefundisha sarufi asubuhi na kompyuta mchana katika shule moja hapaswi kulibebesha neno moja mizigo miwili. *Darasa* na *tabaka* hazifai kabisa. La kwanza ni la shule, la pili ni la jamii.

Tazama pia: rithi, mrithi, mirathi, fomu.