KUTOKA WABENZI HADI KUTU: HISTORIA YA BENZI LA 1976 NA WATU WALIOLIOKOA NYUMBANI KWAO

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo, tunaongelea chuma. Chuma cha Kijerumani, kile ambacho mzee akikiona barabarani lazima ageuze shingo.

Tuanzie nyumbani. Neno Wabenzi wote tunalijua. Baada ya uhuru watu wa huku Afrika Mashariki waliona kuna kabila jipya limezaliwa. Kuna Wahehe, kuna Wasukuma, kuna Wakikuyu, halafu kuna Wabenzi, yaani wakubwa wanaopita na Mercedes-Benz huku wewe unakula vumbi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaleta miiko ya viongozi: hakuna mishahara miwili, hakuna kupangisha nyumba. Neno Wabenzi halikufa hata hivyo, na waandishi wa Ulaya wakalidaka wakawa wanalitumia vilevile kwa Kiswahili.

Sasa sikia kituko. Kule gari linakotengenezwa, Benz hiyohiyo ilikuwa teksi. Ujerumani Magharibi teksi nyingi za miaka ile zilikuwa Benz za dizeli, na kuanzia 1971 sheria ilitaka teksi zote ziwe na rangi moja, krimu kama ya meno ya tembo. Huku kwetu ukishuka kwenye Benz watu wanasimama. Kule ukishuka, unadaiwa nauli.

LILIVYOZALIWA

Gari ninaloliongelea ni lile lenye namba ya kiwandani W123. Lilitoka Januari 1976 kuchukua nafasi ya lile la 1968, likaendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 1986. Ukijumlisha aina zote zilitoka karibu milioni 2.7, na nyingi zaidi zilikuwa saluni za milango minne. Mwanzoni foleni ya kulipata ilikuwa ndefu mno, mpaka wajanja waliopata mapema walikuwa wanaliuza kwa bei ileile ya dukani au zaidi, likiwa limeshatembea.

Na usidhani lilikuwa na mbio. 200D ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 55 tu. Kufika kilomita 100 kwa saa ilikuchukua kama nusu dakika, yaani daladala inaweza kukuacha. Halafu asubuhi huwashi tu ukaondoka. Lazima usubiri plagi za kupasha moto zifanye kazi kwanza. Wajerumani walikuwa wanatania kwamba hiyo ndiyo dakika ya kumkumbuka marehemu Rudolf Diesel.

Lakini likishawaka, limewaka. Dereva teksi mmoja wa Ugiriki alikuwa na 240D ya umbo lile la kabla ya hili. Aliitembeza kilomita milioni 4.6, akibadilisha injini kila ilipobidi, na mwaka 2004 akaikabidhi kwenye makumbusho ya kampuni. Hakuwa waziri wala tajiri, alikuwa mtu wa kazi.

ADUI ALIKUWA KUTU

Kilichoyamaliza magari haya Ulaya ni kutu. Injini zilikuwa bado zinadunda. Wakati wa baridi kule barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inaingia kwenye bati. Inaanzia sehemu ambazo huzioni: pale jeki inapokaa, chini ya betri, ndani ya madigadi, kwenye kona za kioo cha nyuma, chini ya kapeti. Unakuta gari linang'aa kwa juu, ukipiga nyundo kwa chini mkono unatokea upande wa pili.

Miaka ya 90 bei ikawa chee. Mengi yalipakiwa melini kwenda Afrika Kaskazini na Magharibi. Morocco yalibeba abiria miaka na miaka, dereva na watu sita ndani. Yaliyobaki Ujerumani yakawa magari ya wanafunzi na wazee.

Hapo ndipo wanapoingia watu ninaotaka uwajue leo. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote. Ni fundi bomba, ni mwalimu, ni mstaafu, mtu ana kibanda cha gari nyuma ya nyumba au amekodi kimoja mtaa wa pili. Ana seti ya spana, ana taa ya kuning'iniza, ana Jumamosi.

KAZI YENYEWE

Kazi inaanza kwa kubomoa. Viti nje, kapeti nje, ndiyo unajua ukweli. Kutu haipakwi puti ikaisha. Inakatwa mpaka ufike kwenye bati zima, unakata kipande kipya, unachomelea, unasaga, unapiga dawa ya kuzuia kutu, ndiyo rangi inafuata. Ukiona mtu ametumia mwaka mzima chini ya gari na juu bado liko vilevile, ujue huyo ndiye anayejua anachofanya.

Injini ni rafiki zaidi. Boneti inafunguka mpaka inasimama wima, unafanya kazi bila kuinama sana. Klapi unazirekebisha mwenyewe kwa spana za namba 14. Kompyuta ya injini hakuna. Dizeli ile ikishawaka haihitaji umeme kuendelea kuunguruma.

Ila kuna kitu kimoja kimewatoa jasho wengi. Unazima ufunguo, unauchomoa, unautia mfukoni, gari linaendelea kuunguruma! Siyo majini. Gari hili linazimwa kwa mvuto wa hewa. Kuna pampu inayofyonza hewa kwenye vipira vyembamba, na ukizungusha ufunguo mvuto ule ndio unafunga mafuta. Mvuto huohuo unafunga na milango. Kwa hiyo kipira kikitoboka ndani ya mlango wa nyuma, injini ya mbele inaweza kugoma kuzima. Unafungua boneti, unabonyeza kishikio cha kuzimia kwa mkono, halafu unaanza kufuata vipira kimoja kimoja mpaka umpate mchawi wako.

Na sheria za kule haziachi mtu afanye fujo. Oili chafu humwagi mtaroni, aliyekuuzia oili analazimika kuipokea ikishatumika. Ukimaliza, gari linaenda kwa mkaguzi, na kuchomelea kwako kukiwa kwa ovyo unarudishwa nyumbani.

MWAKA AMBAO YANGEISHA YOTE

Sasa hapa ndipo pananigusa. Tangu 1997 Ujerumani wana namba maalumu ya magari ya zamani, inaishia na herufi H. Masharti ni gari liwe limefikisha miaka 30, liko kwenye uhalisia wake, na limetunzwa. Ukiipata unalipa kodi moja ya kama euro 191 kwa mwaka, wakati dizeli kuukuu isiyo na namba hiyo inalipa mara kadhaa ya hapo.

Januari 2008 miji kama Berlin na Köln ikaanza kuzuia magari yenye moshi mchafu kuingia katikati ya mji. Yenye H yanaruhusiwa. Mwaka 2009 serikali ikaja na jambo jingine: ukipeleka gari lenye umri wa miaka 9 au zaidi likaharibiwe, ukanunua jipya, unapewa euro 2,500. Karibu magari milioni 2 yakaenda hivyo.

Piga hesabu. Benz ya 1982 mwaka 2009 ilikuwa na miaka 27. Namba ya H bado miaka mitatu. Mjini haiingii. Kodi kubwa. Sokoni haina thamani. Na serikali imenyoosha mkono na euro 2,500 ili ikasagwe.

Jirani anakuona mjinga. Mke anauliza kibanda kitakuwa wazi lini. Ukikataa hela ile hakuna anayekupigia makofi, na hakuna aliyekuahidi kwamba baada ya miaka mitatu litakuwa na thamani. Waliokataa ndio sababu leo gari lile lipo. Kuanzia 2016 hata la mwisho kutoka kiwandani lilikuwa limetimiza miaka 30, na lililo safi sasa linatafutwa kwa pesa nzuri.

Kwa hiyo gari letu la wakubwa halikuokolewa na wakubwa. Wakubwa walishahamia kwingine, hata huku Wabenzi wetu siku hizi wanapanda V8. Waliobaki nalo ni watu wenye grisi kwenye kucha.

Huku kwetu najua kuna nyumba zina Benz la mzee limekaa juu ya matofali, kuku wanatagia ndani. Kabla hujamwita wa skrepa, inua kapeti kwanza uangalie bati lina hali gani. Nyumbani kwenu lipo? Shusha hapo chini tulijue.