Tumbaku na Methali ya Sikio la Kufa

Tumbaku si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka bara la Amerika, ikavushwa bahari na Wareno na wafanyabiashara wengine tangu karne ya 16, nayo ikapenya bara kabla ya wageni wenyewe. Richard Burton, aliyesafiri nchini mwetu kati ya 1857 na 1859, aliikuta imekwisha kuwa zao la wenyeji. Tumbaku ya Usambara ilitwangwa vinuni, ikafanywa mikate ya mviringo, ikafungwa kwa majani ya migomba na kupelekwa Unguja. Wazee walivuta kiko, wengine walinusa ugoro au kutia tumbaku katika tambuu, na mgeni alikirimiwa kwa vitu hivyo.

Twayakumbusha haya kwa sababu binadamu hapimi hatari ya kitu kwa akili tupu. Huutazama pia mkono uliompa. Kitu alichokirithi kwa babu yake hakimtishi upesi.

Kupingwa kwa tumbaku nako si jambo jipya. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani, na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliipiga marufuku, adhabu ikiwa kifo. Hata hivyo watu waliendelea kuvuta. Hofu ile ilikuwa ya upanga, na upanga ukiondoka hofu nayo huondoka.

Ushahidi mzito wa maradhi ulikuja mwaka 1950, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha uchunguzi wao juu ya sigara na saratani ya mapafu. Doll, aliyekuwa mvutaji, aliacha kwa yale aliyoyaona. Tangu 1951 walifuatilia maisha ya maelfu ya madaktari wa Uingereza, na matokeo ya miaka 50 yakatolewa mwaka 2004: wavutaji wa kudumu walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 hivi. Aliyeacha akiwa na miaka 50 aliokoa miaka kama 6. Aliyeacha akiwa na 30 aliiokoa karibu yote.

Kwetu nako Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na onyo likaandikwa juu ya paketi. Lakini wengi wetu hununua sigara moja moja dukani. Paketi hubaki kwa mwenye duka, na onyo hubaki nayo.

Yafaa basi tuzisikilize hoja za mvutaji. Husema: babu yangu alivuta hadi uzeeni. Husema tena: mimi navuta chache tu. Hoja hizi si za mpumbavu. Daktari huhesabu maelfu ya watu. Mvutaji huhesabu jirani zake. Mzee aliyesalimika yupo barazani, kila mtu amwona. Waliokufa katikati ya umri hawapo kutoa ushahidi, na vifo vyao vilitajwa kuwa vya kifua au vya moyo, si vya tumbaku. Aidha, raha ya sigara huja mara moja, nayo madhara yake huchukua miaka 20 au 30.

Hapo watu hutamka methali: sikio la kufa halisikii dawa. Sisi twaona methali hiyo yamwonea mvutaji. Mara nyingi amesikia na anataka kuacha, ila nikotini imemfunga, na siku za kwanza humletea hasira, kukosa usingizi na hamu isiyotulia. Hata hivyo, tumtazame mvutaji afungaye Ramadhani. Tangu alfajiri hadi magharibi hagusi sigara, kwa sababu nia yake ina shahidi na jamii yote yamsaidia. Jua likizama, wapo wanaoanza kwa sigara kabla hata ya chakula. Uwezo alikuwa nao mchana kutwa; kilichokoma ni ule msaada.

Kwa hiyo kumtisha peke yake hakutoshi, na kumcheka ni kumwongezea mzigo. Taifa linalolima tumbaku Tabora na Urambo, likalipia ada za watoto kwa zao hilo, halina haki ya kumwachia mvutaji lawama yote. Tumpe hesabu iliyo wazi, tumwambie kwamba kuacha kuna faida katika kila umri, kisha nyumbani na kazini tuwe mashahidi wa nia yake. Anayeacha mara ya kwanza akarudia bado ana sikio zima. Dawa na asomewe tena.