Majina Yaliyobaki Mlimani

Ukitoka Ziwani kwa miguu, unafika Kariokor kabla hujamaliza stori uliyoanza. Wengi wetu tunaijua Kariokor kwa nyama choma na vyondo. Lakini jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi, na ugonjwa na njaa viliwaua wengi kuliko risasi.

Kwa mtoto wa Eastlands, basi, historia ya Mlima Kenya inaanza na swali rahisi: nani alibeba?

Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei. Miezi miwili baadaye, Mwingereza Halford Mackinder aliondoka hapa kwenda kutafuta kilele. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai 2 wa kuonyesha njia. Nchi waliyoipita ilikuwa imepigwa na njaa na tauni. Walipofika chini ya mlima mwezi wa Agosti, chakula kilikuwa shida kupatikana, watu wawili wa msafara wakauawa, na ikabidi msaada uombwe Naivasha.

Tarehe 13 Septemba, Mackinder alisimama juu ya Batian, mita 5,199, pamoja na viongozi wake wawili wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele vikapewa majina ya malaibon wa Kimasai: Batian, Nelion, Lenana. Bonde likaitwa Mackinder. Hata César na Joseph kila mmoja alipata barafu yake kwenye ramani. Wale zaidi ya 160 waliobeba unga, mahema na kamba hawakupata hata kijito.

Mimi sijafika Batian. Kule ni kazi ya kamba na kucha, si ya kutembea. Nilipanda Lenana, mita 4,985, kupitia Sirimon, na hiyo nayo si mchezo. Kutoka kambi ya Shipton unaanza kupanda saa nane usiku, na una karibu mita 800 za kwenda juu kabla jua halijachomoza. Kokoto zinateleza: hatua mbili mbele, moja nyuma. Hewa ni nyepesi, kichwa kinagonga, na maji kwenye chupa yanaanza kuganda. Kama hujazoea milima, anza na Longonot kwanza.

Siku zote hizo, kijana aliyebeba hema letu alikuwa anatupita njiani. Tukifika kambini, tunakuta chai iko tayari. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu na viatu vyake vilikuwa vimechoka kuliko vyangu.

Lenana ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya usiku wa Uhuru, Desemba 1963. Hapo, kwa mara moja, jina la Mwafrika aliyepanda lilishikamana na kilele, na hadi leo watoto wanalisoma shuleni. Linatosha kuonyesha kwamba jina likiandikwa, linakaa. Lisipoandikwa, mtu anageuka kuwa idadi: 66, 96.

Barafu za Mlima Kenya zinayeyuka kila mwaka. Barafu ya César na ya Joseph zikiisha, majina yao yatabaki kwenye ramani. Ya wapagazi hayakuwahi kufika huko.

Kwa hivyo ukipanda, uliza malipo ya aliyekubebea kabla hamjaanza safari, na hakikisha yanamfikia mkononi. Kisha, ukiposti ile picha yako ya Lenana na macheo nyuma, kama ameridhia, andika jina lake kando ya lako. Mtaa wetu mzima umezungukwa na kumbukumbu ya watu waliobeba wakasahauliwa. Inatosha.